Mtoto wa Kaka Hayumo

Jumapili, 4 Agosti 2024. Columbus, Ohio

Bili ya muhula wa kwanza imekuja nikiwa zamu ya usiku. Binti amenitumia picha yake bila neno, na yeye si mtoto wa kukosa neno. Nimeisoma kwenye korido, kati ya mgonjwa anayetaka maji na yule anayetaka kurudishwa kwao.

Nainakili hapa, maana simu hufa na daftari halifi. Ada na michango ya chuo dola 6,400. Bweni na chakula 6,800. Ruzuku ya chuo inapunguza 3,000 kwenye ada. Mkopo wa serikali kuu, ambao kwa mtoto wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi 5,500 kwa mwaka, unaleta 2,750 muhula huu. Tunabaki na 7,450. Vitabu havimo.

Baba watoto yuko Indiana na lori. Nilipomtajia alinyamaza hadi nikasikia indiketa inalia. Kisha akasema, "Haya, tutaona." Miaka ishirini ya ndoa, najua "tutaona" yake ina maana gani: niangalie mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Imelipwa. Dola 5,000 ni za upatu. Zamu yangu ilikuwa Novemba. Kijumbe wetu, dada wa Mombasa, amenibadilishia na mama mmoja wa Bukavu ambaye hakuwa na haraka. 2,450 tumezikamua kwenye akiba ya dharura, na 600 nyingine zimekwenda kwenye vitabu. Risiti nimezitia kwenye bahasha ya kaki, nimeandika juu "CHUO 2024".

Babu yangu alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, na ukutani alibandika kile kibao cha maduka yote: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nacheka nikipita chini yake. Sasa nina bahasha ya kaki.

Binti ameuliza kwa nini hatukugusa ile akaunti yake ya 529. Nikamwambia hiyo ni ya muhula wa pili. Tuliifungua Agosti 2014, yeye anaingia darasa la tatu, dola 50 kila mwezi. Namba hiyo ni ya kifungu cha sheria ya kodi kilichoanzisha akaunti hizi mwaka 1996. Unaweka hela iliyokwishakatwa kodi, inakua, na ukiitoa kulipia chuo hukatwi kitu kwenye faida. Ohio nayo inakupunguzia mapato yanayotozwa kodi ya jimbo hadi dola 4,000 kwa kila mtoto kwa mwaka kwa ulichoweka, japo sisi hatujawahi kuikaribia hiyo 4,000. Tumeweka 6,000 kwa miaka kumi. Leo zimo 9,000. Elfu tatu zimezaliwa zenyewe, nami sikuzipigia zamu hata moja.

Jumamosi, 14 Septemba

Tangu bili ile nalala nikihesabu. Muhula wa pili ni kama wa kwanza, halafu miaka mitatu zaidi. Nikakumbuka zile dola 27,000 za nyumba ya wazee niliyofanyia kazi miaka tisa. Ziko kwenye 401(k) ya kule, zimelala tangu niondoke. Nina miaka 51. Hela ya uzeeni, lakini mtoto yuko chuo sasa hivi.

Nimepiga simu kwa wanaoitunza. Kijana wa simu ana sauti nzuri. Akasema naweza kuzitoa zote, "tunakata asilimia 20, basi, umemaliza." Nikamuuliza mara mbili: nimemaliza? Umemaliza.

Nikampa hesabu mwenzangu wa zamu, Mghana, kwa furaha. Akacheka kicheko kibaya. Mwaka juzi alitoa 8,000 kwenye 401(k) ya hapa kazini kwa ajili ya ada ya mwanawe. Walimkubalia kwa kifungu cha dhiki, maana ada ya miezi 12 ijayo inahesabiwa kuwa ni dhiki. Aprili ilipofika akalipa kodi ya mapato, na juu yake asilimia 10 ya nyongeza kwa kuwa hajafika miaka 59 na nusu. Dola 800. "Dhiki inakufungulia mlango," akasema, "haikulipii kiingilio."

Kwa hiyo ile 20 ya kijana wa simu ni malipo ya awali tu. Nimeipiga hesabu nyuma ya karatasi ya chakula cha mgonjwa. Kwenye 27,000 wangekata 5,400. Kodi yetu ya mapato kwa kiwango chetu cha asilimia 12 ni 3,240, nyongeza ya asilimia 10 ni 2,700, jumla 5,940. Ningebaki nadaiwa 540, bado Ohio haijanyoosha mkono. Na ningekuwa nimeshakwenda kununua makochi.

Jumapili, 22 Septemba

IRS, watu wa kodi, wana kitabu chao cha bure, chapisho namba 970, mambo ya kodi na elimu. Nimelichapa kurasa kadhaa maktaba na kulisoma kama kitabu cha fiqhi, mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Lugha yake inafanana pia: isipokuwa, ila kama, ila isiwe.

Nililoelewa ni hili. Akiba ya uzeeni ina vyungu vya majina tofauti. Kile cha mwajiri, 401(k), hakina msamaha wa ada ya chuo. Kile unachofungua mwenyewe, IRA, kinao: ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kulipia elimu ya juu, ile asilimia 10 inafutwa. Kodi ya mapato unalipa kama kawaida. Ada, vitabu, vifaa vinavyotakiwa, na bweni na chakula iwapo mwanafunzi anasoma angalau nusu ya mzigo wa masomo.

Hela ni ileile. Jasho ni lilelile, la kuwageuza wazee kitandani saa nane za usiku. Ikitoka kwenye chungu cha kwanza inaacha dola 2,700 mlangoni, ikitoka cha pili inapita. Na hakuna anayekuzuia, ukishaacha kazi, kuihamisha kutoka chungu hiki kwenda kile. Sasa kama kuhama kunaruhusiwa, mlango ule uliwekwa wa nini? Nimemuuliza baba watoto. Akasema, "Wewe si ndiye unasoma kitabu?"

Halafu orodha ya wanaosomeshwa. Wewe mwenyewe. Mumeo au mkeo. Mtoto wenu. Mjukuu wenu. Nimeurudia mstari huo mara tatu, nikamtafuta mtoto wa kaka ninayemsomesha Tanzania. Hayumo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Msikitini baada ya adhuhuri nimeonyeshwa mzee wa Kisomali, mhasibu mstaafu, aliyekaa Eastleigh miaka mingi kabla ya kuja huku. Kiswahili chake ni cha Nairobi, kinakimbia, kina "sasa" nyingi. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akasema Nairobi hawakumzoesha kuitikia. Ila ameitikia.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: binti anamaliza lini? Nikasema Mungu akipenda, 2028. Akachora miaka kwenye bahasha.

Fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa wanafunzi, FAFSA, haiangalii mapato ya mwaka huu. Inaangalia ya miaka miwili nyuma. Fomu ya mwaka wa masomo 2026/27 itasoma mapato yetu ya 2024. Ya 2027/28 itasoma ya 2025. Baada ya hapo binti amemaliza, hakuna fomu itakayosoma 2026. Na akiba ya uzeeni ikiwa imelala ndani ya akaunti hawaihesabu kuwa mali yako. Ukiitoa tu, inageuka mapato. "Sasa," akasema, "ukitoa elfu ishirini na saba leo, miaka miwili ijayo wataona mama tajiri, na ruzuku ya mtoto itapungua."

Ushauri wake: hamisha hela kwenda IRA sasa, usizitoe. Anza na 529. Hiyo wanaihesabu kuwa mali ya mzazi, lakini kwa kiwango kidogo, si zaidi ya asilimia 5.64 ya thamani yake. IRA iguse kuanzia Januari 2026, na uguse kidogo kidogo, unachohitaji mwaka huo tu, maana matumizi na utoaji lazima viwe mwaka mmoja.

Akasema tena jambo ambalo nimelipigia mstari: "Lakini mimi nisingeigusa kabisa. Mtoto anaweza kukopa kwa ajili ya chuo. Hakuna benki inayomkopesha mtu kwa ajili ya uzee." Nimemshukuru. Sikumwambia kwamba kwetu mkopo wa uzee upo. Unaitwa watoto. Mama yangu anauishi mpaka leo, kila mwisho wa mwezi.

Dada wa Mombasa alikuwa anasikiliza pembeni. Yeye ana Roth IRA, ile ambayo unaweka hela iliyokwishalipiwa kodi. Mzee akamwambia yeye hana shida: ulichoweka mwenyewe kinatoka kwanza, siku yoyote, bila kodi wala nyongeza, ni faida tu ndiyo yenye masharti. Dada akanitazama kama mtu aliyeshinda bao.

Ijumaa, 18 Oktoba

Uhamisho. Nilisisitiza maneno aliyonifundisha mzee: moja kwa moja, taasisi kwa taasisi, isipite mkononi mwangu. Ikiandikwa kwa jina langu wanakata ile 20 na mimi nabaki na siku 60 za kuijaza upya kutoka mfukoni. Leo hundi imekuja kwa posta nyumbani. Nikaogopa. Kumbe imeandikwa kwa jina la taasisi mpya, mimi nimetajwa tu kuwa ni mwenye manufaa. Kazi yangu ni kuipeleka. Dola 27,000 kwenye bahasha nyembamba, imechanganyika na karatasi za punguzo la pizza.

Jumapili, 27 Oktoba

Mtoto wa kaka amepiga. Shikamoo shangazi, marahaba, hamjambo huko, baridi imeanza? Baada ya baridi ndipo linapokuja jambo. Vyuo vinafungua, yeye mwaka wa pili, na bumu halijaingia. Bodi ya Mikopo inamlipia sehemu ya ada na fedha za kujikimu, lakini sehemu iliyobaki ni ya familia, na familia ni mimi. Kaka alifariki mtoto yuko darasa la sita. Tangu hapo hakuna aliyekaa kikao kuamua. Nilianza tu kutuma.

Nikamuuliza anajua kwamba akiajiriwa Bodi itamkata asilimia 15 ya mshahara? "Shangazi, hiyo kazi yenyewe iko wapi?" Tumecheka wote wawili.

Baada ya simu nimerudi kwenye chapisho, kumtafuta kwa upande wa pili. Na hapa pana kichekesho. Sheria ya IRA haimjui mtoto wa kaka. Sheria ya 529 inamjua! Ukitaka kubadilisha jina la mnufaika wa akaunti bila kutozwa, orodha ya ndugu wa mnufaika ni ndefu kama ya waalikwa wa harusi ya Tanga: ndugu wa tumbo moja, baba na mama, wajomba na mashangazi, wakwe, binamu wa kwanza, na watoto wa kaka na wa dada. Congress ileile, kodi ileile. Kwenye kifungu kimoja yeye ni binamu wa binti yangu, kwenye kingine ni mtu baki.

Nikapata tamaa ya dakika kumi. Kisha nikafika sharti la chuo: lazima kiwe miongoni mwa vinavyoshiriki mipango ya mikopo ya wanafunzi ya serikali ya Marekani. Vya nje ya nchi vimo kadhaa kwenye orodha. Nimeitafuta, nikaandika jina la chuo chake kwa herufi kubwa, kwa ndogo, kwa kifupi. Sikukiona.

Nimetuma dola 250 kama kawaida.

Jumamosi, 23 Novemba

FAFSA ya 2025/26 imefunguliwa kwa kila mtu wiki hii. Kawaida huwa Oktoba mosi. Mwaka jana ilichelewa zaidi, vyuo vikakaa hadi Machi bila kupata taarifa, na binti karibu akate tamaa. Safari hii tumeijaza kwenye meza ya jikoni, yeye na kompyuta yake, mimi na ya kwangu, kila mmoja akitia saini upande wake. Mapato ya 2023. Saa moja na nusu, chai vikombe vitatu.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimeomba 6,000 zitoke kwenye 529, zije akaunti yangu ya benki, nilipie muhula wa pili. Zimebaki 3,000.

Jumanne, 24 Desemba

Zimeingia. Niko zamu mbili leo, mbili kesho. Wenye Krismasi wao wameomba ruhusa, na mimi kila Idi huwa naomba, basi ni haki.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Nimelipa bili Jumamosi, tarehe 4. Mwisho wa kulipa ulikuwa leo. Nikajiona mtu makini.

Jioni nikafungua bahasha ya kaki kutia risiti, jicho likaangukia maandishi yangu mwenyewe ya Oktoba: matumizi na utoaji lazima viwe MWAKA MMOJA. Nimepiga mstari chini mara mbili, kwa kalamu nyekundu. Hela zimetoka Desemba 2024. Bili imelipwa Januari 2025.

Jumanne, 7 Januari

Sikulala. Nimehesabu saa tisa usiku, mume anakoroma. Kila dola inayotoka kwenye 529 inabeba sehemu yake ya faida. Huwezi kusema natoa nilichoweka tu. Theluthi ya akaunti ni faida, basi theluthi ya 6,000 ni faida: 2,000. Kama utoaji haukulipia chuo mwaka huohuo, hizo 2,000 ni mapato: asilimia 12 ni 240, na nyongeza ya asilimia 10 ni 200. Dola 440, na Ohio nayo itataka yake. Kwa siku nne. Kwa sababu nilikuwa nawavalisha wazee wa watu kofia za Krismasi.

Baba watoto asubuhi: "Si ungelipa tarehe 24 kwa simu?" Nikamwangalia. Akaenda kuwasha lori.

Jumamosi, 11 Januari

Mzee wa Eastleigh. Nilimpelekea bahasha nzima na sambusa ishirini. Akala mbili kwanza.

Akauliza: mwaka 2024, ukiacha hizi 6,000, ulilipa nini cha chuo? Nikataja: Agosti, 7,450 na vitabu 600. Kwa hela gani? Upatu na akiba. Bweni na chakula peke yake ilikuwa ngapi? 6,800. Akakunja mikono. "Sasa tatizo liko wapi?"

Nitaandika maelezo yake polepole nisije nikayasahau. Noti hazina alama. Sheria haiulizi kama dola iliyotoka 529 ndiyo ileile iliyoingia chuoni. Inauliza: katika mwaka wa kalenda 2024 ulitoa ngapi, na katika mwaka huohuo gharama zinazostahili zilikuwa ngapi? Nilitoa 6,000. Bweni na chakula cha muhula wa kwanza, kilicholipwa Agosti, ni 6,800. Kinatosha na kuzidi. Ni kama 529 imenirudishia hela ya upatu. Na bili ya Januari ni gharama ya 2025, inasubiri utoaji wa 2025. Hakuna kodi. Hakuna nyongeza. Akachukua sambusa ya tatu.

Nikamuuliza kwa nini amechagua bweni na si ada. Hapo akachangamka, nadhani ndiyo raha yake. Kuna nafuu ya kodi ya American Opportunity. Inachukua ada na vitabu, haichukui bweni wala chakula. Dola 2,000 za kwanza inazilipa zote, 2,000 zinazofuata robo yake, jumla haizidi 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne. Na hata kama kodi yenu imeisha, asilimia 40 yake, hadi 1,000, inarudi mkononi. Ila dola moja ya ada haiwezi kutumika mara mbili: ukisema imelipwa na 529 isiyokatwa kodi, huwezi kusema hiyohiyo inakupa nafuu. Basi ada unaiweka upande wa nafuu, bweni unaliweka upande wa 529. Ada yetu baada ya ruzuku ni 3,400, vitabu 600. Elfu nne kamili! Hata mkopo wa binti unahesabiwa kuwa ni malipo yetu, maana utakuja kulipwa.

"Wengi hulipa ada yote kwa 529," akasema, "halafu wanaiacha 2,500 mezani." Nikajiuliza ni wangapi wana mzee wa Eastleigh. Kijana wa simu analipwa mshahara kuniambia umemaliza. Huyu analipwa sambusa.

Tumekumbushana habari za Coverdell, ndugu mdogo wa 529: mwisho dola 2,000 kwa mwaka kwa mtoto, na ziishe kabla hajafika miaka 30. Sisi haituhusu. Na kama binti akimaliza na 529 ikabaki na kitu, tangu 2024 inaruhusiwa kuhamishia kwenye Roth yake, hadi 35,000 maishani, akaunti ikiwa imefikisha miaka 15. Yetu itafikisha 2029. Sidhani kama kutakuwa na kitu cha kuhamisha, lakini nimeandika.

Jumamosi, 1 Februari

Karatasi zimeanza kuja. 1098-T ya chuo kwa binti. 1099-Q inasema nilitoa 6,000, faida 2,000. Nilipoiona moyo uliruka hata baada ya kujua. 1099-R ya ule uhamisho, 27,000, na kwenye kisanduku cha alama herufi G, maana yake ulihama moja kwa moja. Kwenye fomu 1040 unaiandika jumla, kisha mstari wa pembeni, sehemu inayotozwa kodi, sifuri. Ukisahau sifuri hiyo, umekiri umepata mapato ya 27,000.

Zote kwenye bahasha. Imevimba, nimefunga na mpira.

Jumamosi, 15 Machi. Ramadhani

Baada ya futari nimeongea na mama. Anataka kujua "ile fedha ya uzeeni" nimeifanya nini. Nikasema nimeihamisha tu, sijaila. Akasema vizuri, mwanangu, maana wewe hutakuwa na mimi wa kukutumia. Sikuelewa mwanzo. Kisha nikaelewa, nikanyamaza. Anayetuma ni mimi, na mimi nikizeeka atakayetuma ni nani? Binti huyu wa Ohio mwenye mkopo wa chuo?

Fomu ya kodi haina mstari wa mama pia. Mzazi ambaye si raia wa Marekani, na si mkaazi wa Marekani, Canada wala Mexico, hahesabiwi tegemezi hata ukimlisha peke yako miaka ishirini. Tanga si Mexico.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Binti kaja kutoka bwenini na nguo za kufua za mwezi mzima.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumejaza kodi maktaba, kwa wale wa kujitolea wanaosaidia bure wenye mapato ya kawaida. Mama mmoja wa Kizungu, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Nilimwekea karatasi kwa mpangilio: hizi za ada na vitabu, kwa fomu 8863 ya ile nafuu, hizi za bweni, kwa ajili ya 1099-Q. Akanitazama, akauliza kama nimewahi kufanya kazi ya hesabu. Nikasema babu yangu alikuwa na duka.

Nafuu ya 2,500 imepita yote. 529 haikuingia hata kwenye hesabu; risiti natunza mwenyewe wakija kuuliza. Uhamisho umeandikwa, sifuri imekaa mahali pake.

Kabla sijaondoka nikamuuliza, nikijua jibu: je, kuna mahali pa kumwandika mtoto wa kaka ninayemsomesha Tanzania? Akatafuta kweli, maskini, akapekua kurasa mbili. Akasema pole. Marejesho ni dola 2,140.

Jumanne, 15 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kodi. Kazini kila mtu analalamika, mimi nimekunywa chai.

Marejesho bado. Nimechukua dola 300 kwenye mshahara nikatuma, karibu laki nane za kwetu. Saa nne usiku huku, alfajiri kule, ujumbe umeingia: "Shikamoo shangazi. Imefika. Nakwenda kulipa sasa hivi." Nimemjibu marahaba, na atunze risiti.